Kijembe cha Kiingereza

Neasden, London
24 Septemba 2024

Dada yangu Zuwena,

Salamu nakuletea tele, wewe chagua mwenyewe utakazoanza nazo. Sisi hatujambo. Mwanangu Rayya hajambo, kazi yake ile ile ya hospitali, mumewe Sufian anaendesha basi, na mjukuu wetu Malak ulimi wake wa Kizungu mtupu. Nikimwambia njoo ule anafahamu, anakuja, anakula, akishashiba ananijibu Kiingereza. Ndiyo maana nikaenda kusoma. Nimechoka kugombeza mtoto halafu yeye ndiye anifundishe namna ya kumgombeza.

Barua hii anaiandika Bi Damyanti. Nilishakutajia, yule Mhindi aliyezaliwa hapo Unguja, Hurumzi, akaondoka msichana mdogo. Kiswahili chake hakijaondoka. Anakaa kwa mwanawe Ajay, jirani na lile hekalu lao kubwa jeupe, linang'aa kama limeoshwa kwa maziwa, hata mvua ya huku inaona haya kulichafua. Sasa nilikuwa nasema nini? Damyanti. Katika London nzima hii mtu wa kukaa naye nikasema mpaka mate yakanikauka ni huyu tu. Rayya yuko kazini, Sufian yuko kazini, na hata akiwepo, mkwe ni mkwe, huwezi kumwagia kila lililo tumboni. Na mimi unakumbuka nilikuja kumtazama Rayya arubaini yake ya uzazi tu. Malak sasa anakwenda skuli.

(Mimi Damyanti naandika anayosema. Hayo mate hayajakauka bado.)

Darasa letu liko maktaba, kila Jumanne. Mwalimu ni Mzungu, bibi wa makamo, jina lake Maureen, mpole, ana miwani ya kamba. Ametuingiza katika maneno ya mkia. Get ukilitia mkia huu ni kuamka, ukilitia huu ni kushuka kwenye basi, ukilitia mwingine ni kusikilizana na mtu. Wenzangu wakashika vichwa. Nikamwambia Damyanti, mfasirie mwalimu kwamba hata sisi tunayo. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na hakuna anayelia. Maureen alicheka mpaka akavua miwani, akaandika PIGA ubaoni.

Lakini leo kaleta mafumbo yenyewe. Let the cat out of the bag. Ati kumtoa paka mfukoni, maana yake kutoa siri. Nikageuka nikawatazama darasa zima, mmoja mmoja, nikauliza, nani katoa siri? Maureen akasema hakuna, ni mfano. Nikamuuliza, mfano wa nani? Akasema si wa mtu yeyote. Haya, dada, wewe ulisikia wapi mtu mzima na akili zake akapinda maneno mpaka akaingiza na paka, halafu asiwe anamsema mtu?

(Nimemwambia Waingereza husema hivyo bure tu. Hakubali. D.)

Sikubali. Nisalimie wote, na ule mfereji wa maji unaovuja uani mwambie fundi aufunge, usiache maji yakaingia chumbani kwangu.

Mdogo wako,
Kazija
Alama ya kidole hapo chini ni yangu, wino kaleta Damyanti.


Mkunazini, Unguja
10 Oktoba 2024

Mdogo wangu Kazija,

Barua nimeipata kwa yule kijana aliyeshuka juzi. Usihangaike kupiga simu. Wajukuu wananibandika sikioni, nasikia kama mtu anakaanga samaki. Andika tu. Nami naandika mwenyewe, polepole, maana niliyoyapata kwenye darasa la kisomo cha watu wazima sijayasahau. Wewe ulikataa kwenda ukasema una kazi ya kusuka ukili. Haya.

Kuhusu huyo mwalimu, una haki. Jirani yangu wa ghorofani alisimama kwenye harusi akasema, kuna mtungi hapa unavuja. Basi. Hakutaja mtu. Wiki haikwisha, wanawake watatu hawamsalimu, kila mmoja anajua ni yeye. Nikamuuliza kwa siri, ulikuwa unamsema nani katika wale? Akanambia, hata mmoja, nilikuwa namsema wa nne, na huyo ndiye pekee anayenisalimu mpaka leo.

Umeona? Mwenyewe yupo, ila hukumjua. Kwa hiyo tega sikio. Akishasema fumbo, usimtazame anayesema, watazame wanaocheka.

Na huyo anayekuandikia najua ndiye anayekusomea. Bi Damyanti, nakusalimu sana. Hurumzi ile nyumba yenu ya mlango wa njumu za shaba wameifanya hoteli.

Chumba chako maji hayajaingia. Nimemweka mwanafunzi wa chuo, kwa muda, usiseme kitu.

Dada yako,
Zuwena


London
4 Novemba 2024

Dada Zuwena,

Mwandiko umeuona si ule. Huyu ni Célestine, Mkongo wa Bukavu, tuko naye darasani, anasafisha maofisi huko mjini. Kiswahili chake kina kona zake lakini anaandika. Damyanti haniandikii tena wala simtaki aniandikie. Kaa kitako nikuhadithie.

Kuna siku nilimsikia Sufian jikoni anamwambia Rayya, nafasi hakuna humu, lazima tufanye jambo. Nilikuwa nachambua mchele, chano kikanielemea magotini kama jiwe. Nafasi hakuna kwa nani? Wao ni wa humu. Malak ni wa humu. Aliyekuja kwa arubaini ni mimi. Nikakaa nalo, dada, chakula hakipandi. Mwisho nikamwambia Damyanti peke yake, pale Edgware Road, kwenye ule mkahawa wa Waarabu tunakokwenda kunywa chai, palipojaa Waomani wa kuja kutembea. Nikamwambia, shoga, mimi naogopa naondoshwa, na nitarudi Unguja kwenye nyumba iliyojaa wapangaji. Akanishika mkono, hakusema kitu. Nikaona hapa nimepata mtu.

Jumanne ya pili yake Maureen kaja na vikaratasi ndani ya kofia. Kila mtu achukue kimoja, kina fumbo lake, amwambie aliye ubavuni kwake. Damyanti kachukua chake, kakisoma, kacheka kidogo, kanigeukia mimi, kasema: My friend, don't outstay your welcome. Nikamuuliza Célestine maana yake nini. Akanambia, ni kumwambia mgeni asikae mpaka wenyewe wakamchoka.

Kwa kucheka. Mbele ya watu. Na mimi nilimwambia yeye tu.

(Miye Célestine, mwenye kuandika, nilikuwa pale. Ile maneno ilikuwa mu karatasi. Mama hataki niandike hivi, lakini niko naandika.)

Kofia ilikuwa na vikaratasi chungu nzima, Célestine, kwa nini kile kimwendee yeye na kunigeukia anigeukie mimi? Andika na hilo.

Sikumjibu pale pale, mimi si mtu wa ovyo. Jumanne iliyofuata nikavaa ile kanga nyekundu uliyonipa. Maneno yake unayajua, Kikulacho ki nguoni mwako, wewe mwenyewe uliinunua ulipogombana na mke wa bwana sheria. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio lakini nikaivaa juu ya koti, maana chini ya koti nani ataisoma? Kwenye basi mama mmoja wa Kikenya alikaa nyuma yangu, akanigusa bega, akasema, "Mama, huyo ni nani amekukosea hivyo?" Umeona. Mkenya hanijui simjui, lakini kaelewa papo hapo kwamba yuko mtu.

Darasani nikapita mbele ya Damyanti mara ya kwanza, nikapita mara ya pili, mara ya tatu nikasimama kama mtu anatafuta kalamu. Kalamu, mimi. Akaisoma kanga yote, midomo inacheza. Kisha akanambia, "Rangi imekukubali, Bi Kazija." Basi. Nikaona huyu kazaliwa Unguja kweli, kajibu bila kujibu. Tangu siku ile darasani haji.

Sikukuu yao ya taa kamtuma mke wa mwanawe, Poonam, kuniletea vitamu ndani ya lile bakuli lake la stili la mfuniko. Nimekula. Chakula hakina kosa. Lakini moyo haujala, dada. Jumanne sasa ni ndefu kama mwezi, na nikirudi nyumbani naogopa hata kukaa kwenye kochi nisije nikaonekana nimejaza nafasi. Nishauri.

Kazija
Kidole hicho kina wino wa kalamu ya Célestine, umevuja.


Mkunazini, Unguja
18 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Siri uliyompa mkononi kaitia mdomoni, tena kwa lugha ya watu.

Hivyo vitamu ni vya kukutuliza ili aseme tena. Una bakuli lake? Lirudishe. Osha vizuri, futa, funga mfuniko, na ndani usitie kitu. Hata tende. Hata chumvi ya kushika na vidole. Kama ni mtu wa Unguja atafungua, ataona weupe wa stili, atajua pamekwisha. Kama si mtu wa Unguja atadhani umemwoshea chombo tu, basi hukupoteza kitu.

La Sufian usimuulize. Mkwe haulizwi. Ukiona anakununulia begi jipya, jua.

Na ukirudi, rudi. Nyumba ni yako kama yangu. Huyo mwanafunzi nimempa mpaka mwezi wa sita, lakini ukumbini pana upepo mzuri.

Zuwena


Neasden
28 Novemba 2024

Bi Kazija,

Poonam ameniletea bakuli. Nilifungua jikoni mbele yake, na yeye akasema, "How nice, she washed it." Mimi nilikaa chini. Mama yangu Hurumzi alirudishiwa bakuli tupu mara moja tu maisha yake, na hadi tunaondoka alikuwa akipita njia ya nyuma ili asikutane na yule mama.

Kanga yako nayo niliisoma. Nilidhani umegombana na mtu nyumbani. Nilisifu rangi kwa sababu sikujua niseme nini, na rangi kweli ilikukubali.

Sasa nisikilize, na Célestine akusomee taratibu, asiruke.

Kile kikaratasi nilicheka kwa sababu kilikuwa changu. Ajay alikwishaniambia mwezi wa tisa kuwa nitahamia Leicester kwa binti yangu. Anasema itakuwa bora kwangu. Poonam hajanitolea neno baya hata siku moja. Ila vikombe vyangu vya chai vilipanda kabati la juu ambako mkono wangu haufiki, na kila nikiomba ananishushia kwa adabu kabisa. Na kwetu sisi mama haendi kukaa kwa binti aliyeolewa. Hata maji ya nyumba ya binti wazee wetu walikuwa hawanywi. Niliona haya kukuambia. Uliponiambia pale Edgware Road hofu yako kuhusu mkweo Sufian, kwamba anataka uondoke, nilikushika mkono nikataka kusema hata mimi, nikashindwa. Kisha nikachukua kikaratasi ndani ya kofia, na Waingereza walikuwa wameshaniandikia. Nikakugeukia wewe kwa sababu ni wewe tu darasani ambaye angejua ninasema nini. Wewe si ndiye unayesema kila fumbo lina mwenyewe?

Basi lilikuwa na mwenyewe.

Ninaondoka Jumapili.

Damyanti


Leicester
15 Desemba 2024

Dada Zuwena,

Usishtuke kuona Leicester. Na mwandiko huu ndiyo ule wa kwanza, umeutambua. Anaandika Damyanti, tumekaa jikoni kwa bintiye, na Sufian yuko sebuleni. Ngoja nikupeleke kwa mpango.

Ile barua ya Damyanti ilifika Jumamosi asubuhi. Célestine yuko kazini, Rayya kalala katoka zamu, Sufian siku yake ya kupumzika. Nikampa. Nikamwambia, mkwe wangu, nisomee, ni ya shoga yangu tuliyegombana naye, ukikuta matusi usione haya, pita juu yake. Akaanza. Anasoma vizuri Sufian, kama anatangaza vituo. Alipofika pale pa jina lake akainua macho. Nikamwambia, soma. Akasema, "Mama, hapa nimetajwa." Nikamwambia, soma tu, hata lako lisome. Akasoma mpaka mwisho. Masikio yamekuwa mekundu, mimi natazama zulia, kila mmoja anatamani Rayya aamke.

Kisha akasema, "Mama, nilisema kweli nafasi hakuna."

Nikasema, najua, nilikuwa na mchele magotini.

Akasema, "Unakoroma. Malak kila usiku anahamia kwetu, ananipiga mateke, naendesha basi sijalala. Nilimwambia Rayya tutafute nyumba ambayo wewe utakuwa na chumba chako."

"Basi si ungesema."

"Nimwambie mkwe wangu anakoroma?"

Hata mimi ningekuwa yeye nisingesema. Lakini nikuambie kweli, sikutulia. Mkwe akikujibu vizuri yawezekana ni adabu tu, na adabu Sufian anayo, kalelewa. Nikasema ahsante mwanangu, nikaliweka hilo pembeni, maana la Damyanti lilikuwa la kesho.

Nikaingia jikoni nikakaanga visheti, nikavitia sukari, nikatafuta bakuli kubwa kuliko yote ya Rayya. Nikapanda basi. Nikapiga hodi. Damyanti akafungua mlango, akatazama bakuli kwanza, mimi baadaye.

"Lina nini?"

"Visheti."

"Umevitia sukari au umevipaka tu?"

"Nimevitia."

"Ingia."

Chumbani kwake kila kitu kimefungwa, kitanda kimevuliwa shuka. Tukakaa juu ya godoro tukala visheti, tukalia kidogo, tukala tena. Nikamwambia, dada yangu ndiye aliyenishauri bakuli tupu.

(Nimesamehe, Bi Zuwena. Na ile hoteli sitaki kujua. D.)

Asubuhi yake, nimelala huko huko, Ajay anapakia masanduku kwenye gari, nikaona kiti cha nyuma kimebaki kitupu. Nikaingia nikakaa. Ajay akasema, "Auntie, tunakwenda mbali." Nikamwambia, najua. Kwetu mtu hapelekwi kwenye nyumba mpya kama kabati. Anasindikizwa, anakaliwa siku mbili tatu mpaka azowee. Akamtazama Poonam, Poonam akatazama saa, na mimi nikafunga mkanda.

Basi ndiyo hizi siku mbili tatu, zimepita wiki mbili. Binti wa Damyanti ana roho safi. Siku ya kwanza Damyanti hakunywa maji, anaogopa wazee wake. Nikamwambia, hayo maji si ya binti, ni ya Serikali ya Uingereza. Akafikiri, akanywa. Sasa anagombana na mkwewe wa kiume kuhusu chumvi ya dengu, kwa hiyo najua ametulia.

Sufian kapiga simu siku ya nne. Lini unarudi? Nikamwambia bado nasindikiza. Siku ya saba tena. Ati Malak hataki kulala chumbani peke yake, anasema kuna kimya kinamtisha. Nikamwambia, si mlikuwa mnataka asisikie makoromo? Nikamsikia Rayya nyuma anacheka. Nikasema moyoni, hiyo nayo adabu, ngoja tuone.

Leo ni Jumapili. Saa tano mlango umegongwa, nikamsikia binti wa Damyanti anasema karibu ndani. Ni Sufian. Kaendesha kutoka London peke yake, kwenye siku yake ya kupumzika, mtu ambaye siku nyingine zote analipwa kuendesha. Hakusema habari za Malak wala za Rayya. Alisimama hapo kwenye mlango wa jikoni na koti lake, akasema, "Mama, nimekufuata. Twende nyumbani."

Nikamwambia, kaa kwanza, niko katikati ya barua.

Amekaa. Kapewa chai, kamaliza. Kapewa nyingine. Kila dakika anachungulia mlangoni na ufunguo mkononi, na mimi namwambia Damyanti ongeza hili, ongeza lile. Barua hii ingekwisha zamani. Salamu za fundi wa mfereji, andika. Mwambie Zuwena huku mboga haina ladha, andika. Sufian kwenye lile basi lake mtu akichelewa hata kwa hatua moja anamfungia mlango usoni, nimemwona kwa macho yangu, hamsubiri mtu.

Andika taratibu, Damyanti. Leo anasubiri.

Mdogo wako,
Kazija